Pua Iliyokataa Polishi

Baba alipopewa nyumba ya mawe na kampuni yake, pale Makongeni, Thika, jamaa zetu walikuja kuupapasa ukuta kama watu wanaokagua ng'ombe wa mahari. Waligonga kwa vidole, wakatega sikio, wakasema hii hata ndovu akiegemea haianguki. Shosho, nyanya yetu, peke yake ndiye aliyeuliza moto unawashwa wapi. Baba akamweleza kwa ile sauti yake ya karani kwamba nyumba ya kisasa haiwashwi moto ndani. Kampuni imekataza, na jiko la wote liko kule nyuma.

"Haya," Shosho akasema. "Na hiyo nyumba yenyewe, ikisikia baridi, itaota wapi?"

Tulicheka. Ningependa kusema kwamba yalikuwa maneno ya hekima, lakini Shosho huyo huyo alituambia siku hiyo kwamba ndani ya bomba la maji kuna nyoka, ndiyo maana linakoroma.

Mama alikuwa na adui mmoja duniani, naye ni baridi. Wengine waliogopa askari na amri ya kutotoka nje. Mama aliogopa upepo. Juu ya dirisha letu kulikuwa na matundu ya hewa ambayo fundi aliyaacha kwa makusudi, na kabla hata ya vitanda kuingia Mama alikuwa ameshayaziba kwa magunia na sweta kuukuu. "Baridi haipigi hodi," alisema. "Inaingia tu kifuani, inakaa." Dirisha lilifungwa jua likianza kuinama. Mvua ikinyesha, nguo zilianikwa humo humo ndani, kwenye kamba iliyotoka pembe moja hadi nyingine, na sisi watoto tukalala chini yake, shati la Baba likitudondokea usoni. Asubuhi ukuta ulikuwa umetoka jasho kuliko mtu aliyebeba magunia ya kahawa.

Mimi ndiye niliyelala ukutani. Nilichagua mwenyewe, kwa kuwa ni mtu wa haya, na ukuta hauulizi mtu maswali. Kwa hiyo ni mimi niliyeliona kwanza lile doa. Lilianza dogo, la kijani, nyuma ya mto wangu, halafu likawa jeusi lenye manyoya mafupi kama ya panya, likanuka kama viazi vilivyosahauliwa chini ya gunia. Nikamwonyesha Baba.

"Hicho ni kivuli," akasema.

"Kivuli cha nini, Baba, na taa haijawashwa?" kaka yangu akauliza. Akapata kofi.

Kuanzia siku ile ikawa ni kivuli. Hata Mama, akikisugua kwa brashi na maji ya moto, alisema, "Kivuli kimerudi." Kilipofika kimo cha mtu aliyesimama, Baba alitundika kalenda. Kilipoipita kalenda, alitundika ya mwaka uliopita pembeni yake. Mgeni aliyeingia kwetu alidhani tunapenda sana kujua tarehe.

Halafu akaja yule Bibi wa Ustawi, Mzungu aliyezunguka mitaa ya wafanyakazi akishindanisha nyumba kwa usafi. Habari ya kuja kwake ilitangulia, kama kawaida, ili asije akaona kitu. Baba alipaka chokaa jioni ya kuamkia siku hiyo, chokaa mbichi juu ya kivuli kibichi, na asubuhi nyumba yetu iling'aa kama jino. Bibi alipitisha kidole mezani, akavuta pumzi ndefu, akasema, "Safi sana, mzuri sana." Tukapata zawadi: beseni la enameli lenye maua. Baba aliliweka juu ya meza na kukataza mtu yeyote asinawe ndani yake.

Mimi wakati huo nilikuwa nje nyuma ya jiko, nakohoa ndani ya leso ili nisiharibu ushindi.

Maana mwili wangu ulikuwa umeanza mambo. Mwanzoni ulikuwa ugomvi wangu na kivuli peke yake: nikilala kifua kinapiga filimbi, nikiamka macho mekundu kama ya mlevi. Kisha, sijui kifua changu kilifikiria nini, kikaanza kuona maadui kila mahali. Taa ya mafuta ikiwashwa, kichwa kinagonga. Sabuni ya kufulia, midomo inakufa ganzi. Baba akijipaka mafuta ya nywele, mimi natafuta mlango. Dukani kwa Mhindi, alipokuwa akiwasha ubani wake wa asubuhi, nilinunua chumvi nikiwa nje, mkono tu ndio ulioingia, kama mwizi. Na siku watu wa afya walipopita kupuliza dawa ya kunguni, nilibebwa hadi uwanjani nikaachwa nyasini, nimepakatishwa kuku wa jirani aliyekuwa akikimbizwa dawa hiyo hiyo.

Ajabu ni kwamba vitu vinavyonuka kweli havikunifanya lolote. Choo cha shimo, sawa. Beberu wa jirani, ambaye watu walivuka barabara kumkwepa, nilimkuna masikio. Pua yangu ilipatana na kila uvundo ulioumbwa na Mungu, ikagombana na kila kitu kilichouzwa ndani ya mkebe.

Watu walinihurumia kwa kunieleza. Mama wa nyumba ya tatu alikuja na ufumaji wake, akakaa, akasema bila kuinua macho, "Msichana anayechukia harufu ghafla, si mnajua ana nini?" Wote walijua. Mama alinitazama tumbo mwezi mzima, lilipokataa kukua akaonekana kama mtu aliyedanganywa. Dresa, yule mfunga vidonda wa zahanati, alinipa mafuta ya kafuri ya kupaka kifuani. Nilipopaka nikakosa pumzi kabisa, naye akafurahi: "Unaona? Dawa inapigana!" Mzee wa kanisa alisema ni kiburi, pua imeinuka. Baba alisema ni kusoma sana. Alilisema hilo mbele za watu, polepole, kama anayetaja ugonjwa ambao ni familia chache tu hapa Thika zinazoweza kuumudu.

Basi nilipofaulu kwenda sekondari ya bweni huko upande wa Ruiru, kati ya mashamba ya kahawa, nilishukuru kwa sababu ambazo sikumwambia mtu. Mwalimu Mkuu, mama wa Kizungu mwembamba aliyevaa soksi nzito hata wakati wa jua, aliamini kwamba hewa baridi hujenga tabia. Madirisha ya bweni hayakufungwa usiku wala mchana. Wenzangu walilia. "Hapa tutakufa," msichana wa kitanda cha pili akasema, amejifunga taulo kichwani. Mimi nililala fofofo. Baada ya siku chache kile kifua cha filimbi kilinyamaza, na nikajua, kwa hakika ya mtu aliyepimwa pande zote mbili, kwamba kilichonitia ugonjwa kilikuwa ule ukuta. Nikifukuzwa hapa, narudi kulala nao. Wengine waliogopa kufukuzwa kwa ajili ya hesabu na jiografia. Mimi niliogopa kwa ajili ya pumzi.

Halafu ikafika Jumamosi.

Shule yetu ilikuwa na sakafu nyekundu, na Mwalimu Mkuu alisema sakafu ndiyo uso wa shule. Jumamosi wasichana wenye tabia njema waliupaka uso huo polishi kutoka kwenye mikebe mikubwa, wamepiga magoti, kisha walikanyaga vitambaa vya gunia na kuteleza huku na huku wakiimba nyimbo za kanisa hadi mtu aweze kujiona meno. Kupiga polishi ilikuwa heshima. Mkebe wa kwanza ulipofunguliwa, ile harufu ilinishika koo kama mkono.

"Wewe, mbona umekaa?" kiranja akauliza.

"Siwezi kupumua."

"Nani anaweza? Hapa hatupumui, tunapaka! Inama!"

Niliinama. Nikatapika juu ya uso wa shule.

Walivyopiga kelele ungedhani nimetapika juu ya Mwalimu Mkuu mwenyewe. Metroni alinipeleka chumbani kwake, akafunga mlango, akaniuliza kwa upole mwezi wangu wa mwisho ulikuwa lini. Tumbo langu likaangaliwa tena. Jumamosi iliyofuata nilijaribu kuziba pua kwa leso, nikaanguka. Kiranja akasema ninaigiza, kwamba watoto wa nyumba za kampuni tumezoea kufanyiwa kazi. Wenzangu wakanibatiza "Pua." "Pua, njoo unuse uji huu kama umeiva." Mimi mtu akinitania huwa najibu baada ya siku mbili, nikiwa peke yangu.

Kilichoniokoa ni kibao.

Kilikuwa kipande cha mbao chenye kamba, kinavaliwa shingoni. Aliyesikika akisema Kikuyu, au lugha yoyote isiyokuwa Kiingereza, alivishwa, naye alizunguka akitega sikio hadi amnase mwingine wa kumvisha. Aliyelala nacho Ijumaa, Jumamosi hapigi polishi. Anakwenda zizini kuzoa mavi ya ng'ombe wa shule na kuyasukuma kwa wilbaro hadi bustani ya mboga. Wasichana walikiogopa kibao kuliko mtihani. Mavi yaliingia kwenye kucha, kwenye nywele, hata kwenye mkate wa chai.

Ijumaa moja mtu alinikanyaga kwenye foleni ya maji, nikasema, "Ũũi!" Aliyekuwa na kibao akaruka kwa furaha. Nilijaribu kueleza kwamba hiyo si lugha, ni maumivu. Kiranja akaamua kesi: Mwingereza akikanyagwa husema "auchi," kwa hiyo mimi nimeumia kwa Kikuyu.

Kesho yake nilisimama zizini na beleshi, mvua ya manyunyu, mavi hadi kwenye vifundo vya miguu, na hewa ikaingia kifuani mwangu mpaka chini kabisa. Kule bwenini waliimba na kupaka. Huku ng'ombe walinitazama bila kuniuliza mwezi wangu wa mwisho ulikuwa lini. Nikafanya kazi ya watu wawili, na njiani na wilbaro nikajikuta naimba pia.

Tangu hapo nilikitafuta kibao. Ilikuwa kazi ngumu kwa mtu asiyesema. Mara ya kwanza nilizunguka siku nzima nikijipa moyo, nikamkaribia mwenye kibao, nikamwamkia kwa Kikuyu kwa sauti ndogo hivi kwamba alinijibu, "Ati?" na ikabidi nirudie. Lakini habari zilienea. Ijumaa jioni wakawa wanakuja wenyewe.

"Pua, mpenzi," akaja msichana wa kidato cha pili, kibao shingoni, ananong'ona. "Mamangu anakuja kesho. Atanikuta nanuka. Sema neno moja tu."

"Neno gani?"

"Lolote!"

"Irio," nikasema, yaani chakula.

"Mungu akubariki," akasema, akanivisha.

Shule nzima ikastarehe. Wasichana walipiga domo la Kikuyu tangu Jumatatu hadi Ijumaa, wakijua mwisho wa kibao uko wapi. Na Jumatatu, kwenye mstari, Mwalimu Mkuu alitangaza kwamba Kiingereza kimestawi mno, kwamba wakosaji wameisha, isipokuwa msichana mmoja mkaidi anayewaangusha wenzake. Walimu walinitazama. Yule wa Kiingereza alisema hajawahi kusikia sauti yangu darasani. "Ndiyo maana," mwenzake akamjibu. "Anaitunzia Kikuyu."

Sikujua kwamba kuvaa kibao kulikuwa na kikomo. Metroni ndiye aliyeniambia, ananisaidia kusugua kucha. "Wewe umezidisha. Baba yako ameitwa. Mkaidi wa namna yako anarudishwa kwao." Nilikaa pale na brashi mkononi. Nilikuwa nimetoroka polishi kwa njia iliyokuwa inanirudisha ukutani.

Baba alikuja na gari la moshi la asubuhi, amevaa suti yake ya pekee, ile inayokaa sandukuni na vidonge vyeupe vya kufukuza nondo. Nilimnusa kabla sijamwona. Ofisi ya Mwalimu Mkuu ilikuwa imepigwa polishi siku ile ile. Baba akiwa upande huu na sakafu upande ule, nikasimama karibu na mlango, machozi yananitoka, na wote wawili wakadhani ni majuto.

"Baba," Mwalimu Mkuu akasema kwa Kiswahili chake, "mtoto yako iko kichwa ngumu. Kila wiki yeye nasema Kikuyu, Kikuyu, Kikuyu."

"Huyu, Memsaabu?" Baba akashangaa kweli. "Huyu hata nyumbani hasemi. Tukitaka kujua kama yupo tunahesabu vikombe."

"Na kazi ya polish yeye nakataa."

"Hapana, Memsaabu. Usafi sisi tunaujua. Nyumba yetu ilipata zawadi. Beseni."

Mwalimu Mkuu akanigeukia, akaniuliza kwa Kiingereza kama nina la kusema kabla sijafunga sanduku langu. Nilitazama sakafu. Niliona meno yangu ndani yake. Nikajibu kwa Kiingereza, nisije nikaongeza kosa, kwamba nikinusa polishi sipumui, na kwamba zizini napumua, na kwamba ndiyo sababu ninakitafuta kibao.

"Polish hii inatoka Ulaya," akasema. "Wasichana wote wanapumua. Kwa nini wewe tu? Ilianza lini? Ilianza wapi?"

Hapo ndipo palipokuwa pagumu. Jibu nilikuwa nalo, lakini lilikuwa mali ya Baba. Alikuwa amesimama wima, kofia mikononi, shati limekunjika pale Mama alipolipiga pasi kwa haraka. Ningeweza kusema sijui, nifunge sanduku, tupande gari la moshi pamoja, na usiku nilale nyuma ya kalenda. Kifua kikabana. Nikaona kwamba nisiposema sasa, baadaye sitakuwa na hewa ya kusemea.

"Nyumbani ukuta wetu una ukungu," nikasema, na nikalirudia kwa Kiswahili ili Baba asikie kwangu, asisikie kwa mtu mwingine. "Nyuma ya kitanda changu. Ulianza hapo, nikaugua, na tangu hapo kila kitu kinaniumiza. Beseni tulilipata kwa chokaa."

Nilingoja aseme ni kivuli. Kofia ilizunguka mikononi mwake mara moja, ikarudi.

"Upo, Memsaabu," Baba akasema. "Umefika darini. Kalenda hazitoshi tena."

Nadhani Mwalimu Mkuu alikuwa akihesabu jambo jingine kabisa, maana aliuliza taratibu, "Kama huyu hasemi Kikuyu, nani basi anasema?" Nikalitazama dirisha. Baba pia, ingawa hakujua tunatazama nini. Akaliacha swali, kama mtu aliyefungua mlango akakuta chumba kimejaa watu akaufunga tena.

Tatizo lake, alieleza, ni kwamba zizi ni adhabu. Hawezi kumpa adhabu msichana asiye na kosa. Utaratibu wa shule utavunjika. Na hawezi kulifanya zizi lisiwe adhabu, maana kesho wote watataka kwenda. Alifikiri sana, vidole vyake vimeshikana. Mwishowe uso ukamkunjuka.

"Utabaki shuleni," akasema. "Utazoa mavi kila Jumamosi hadi umalize masomo. Kwa kosa la kutosema mapema."

Nilimshukuru. Baba alimshukuru mara mbili.

Nilipewa ruhusa ya kumsindikiza Baba hadi njia ya stesheni. Tulipotoka langoni nilianza kukohoa tena, nikageuza uso nisimwonyeshe. Baba akanusa koti lake, begani, halafu kwenye mkono. Akalivua, akalikunja, akavuka barabara, akaanza kutembea ng'ambo ile, upande upepo unakokwenda, koti amelishika mbali na mwili kama samaki aliyeharibika. Barabara ile ni pana na malori ya kahawa yanapita, kwa hiyo kama tulitaka kuongea ilibidi tupige kelele. Watu wawili wenye haya kuliko wote katika ukoo wetu.

"Mama yako nitamwambia nini?" akapaza.

"Mwambie afungue matundu!"

"Atasema nimewaua watoto kwa baridi!"

"Mwambie huku hatufungi na hatujafa!"

Lori likapita, vumbi likatua. Wanawake waliokuwa wakichuma kahawa karibu na barabara walisimamisha mikono kusikiliza mambo ya nyumba yetu.

"Na mavi!" Baba akapaza tena, na sauti ile ya karani haikuwepo. "Hayo mavi ya ng'ombe hayakusumbui kweli?"

"Hapana, Baba!" nikaita, kwa sauti ambayo sikujua ninayo. "Yananipendeza!"

Wanawake wakapasuka kucheka. Baba akainua koti juu kuniaga, akakumbuka, akalishusha haraka upande wa pili.